Krimu ya kujitengenezea kwa ngozi kavu inayowasha: kazi inafanywa na mafuta, harufu imeomba lifti tu

Ikifika mwezi wa sita, kile kibaridi cha kipupwe kikianza, simu yangu inajaa meseji za aina moja. Miguu imepauka mpaka unaweza ukaandika jina lako kwa ukucha na likasomeka, mgongo unawasha sehemu ambayo mkono haufiki, mtoto anajikuna usiku kucha na asubuhi shuka lina vidoa vya damu, alafu wote wanamalizia hivohivo: naomba ile resipi yako ya krimu ya lavenda. Na mi kila nikijibu najikuta naandika kirefu kuliko nilichoombwa, kwa sababu resipi yenyewe ni rahisi kama kupika uji ila ndani yake kuna mambo kadhaa yamefungwa fundo moja na watu wanayabeba kama kitu kimoja, ndo maana mwingine anapata nafuu na mwingine anaishia duka la dawa kutafuta cha kutulizia alichojipaka.

Tuanze na jina. Hiyo lavenda ni moja ya zile zinazoitwa esensho oili. Kuna watu wametafsiri "mafuta muhimu" na hiyo tafsiri imewapoteza wengi, maana ukisikia muhimu unadhani mwili unayahitaji kama unavyohitaji maji au vitamini. Hamna. Neno la kizungu pale lilikuwa linamaanisha kiini, yaani ile roho ya mmea, kile kinachonukia ukisugua jani kwenye vidole. Kwa hiyo ni mafuta ya kunukia, na hata kuyaita mafuta ni heshima tu. Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone moja la mafuta ya mchaichai na pembeni yake tone moja la mafuta ya alizeti, ziache. Baadaye ukirudi la mchaichai limepaa, limebaki alama hafifu, la alizeti doa lake liko palepale limeng'aa na kesho utalikuta. Hapo umeshaelewa nusu ya makala hii: kimoja kinapaa, kingine kinakaa, na ngozi kavu inataka kinachokaa.

Ukitaka kuyaelewa vizuri zaidi nenda Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake kuna kiwanda ambacho watu wanakiita kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Yanajazwa kwenye matangi makubwa, mvuke unapitishwa katikati, mvuke ukitoka unatoka umebeba ile harufu, unapoozwa kwenye mabomba unarudi kuwa maji, na kwenye yale maji mafuta yanajitenga yenyewe. Mafuta mengi ya kunukia yanaelea juu ya maji, ya karafuu yanazama, ni mazito. Sasa fikiria rundo zima la makonyo limekamuliwa likawa vichupa. Kwa waridi ndo usiseme, inatakiwa kama tani tatu mpaka tano za maua upate kilo moja ya mafuta, kwa hiyo yule anayekuuzia "mafuta halisi ya waridi" kichupa elfu tano pale mjini, asee, amekuuzia pafyumu kwenye mafuta ya kupikia. Ninachotaka ukibebe hapa ni ukali: tone moja ni mmea mwingi sana umekaa mahali padogo sana, na ngozi inalijua hilo kabla yako.

Mi nilijifunza kwa kuungua. Nilirudi kutoka Zanzibar na kichupa cha mafuta ya karafuu, kichwani nina hadithi zote za bibi kwamba karafuu ni dawa ya kila kitu, na kipindi hicho miguu yangu ilikuwa inawasha kuanzia gotini mpaka kwenye fundo la mguu sababu ofisini tunakaa kwenye kiyoyozi kama samaki kwenye friji. Nikachukua kikopo cha losheni kilichobaki kama mililita 50, nikadondosha karafuu bila kuhesabu, nadhani matone 30 na zaidi kidogo, nikakoroga, nikapaka. Dakika ya kwanza peponi, muwasho umekata kabisa. Kumbe haujakata, miguu imekufa ganzi. Zaidi ya asilimia 70 ya mafuta ya karafuu ni kitu kinaitwa eujeno, ndo hichohicho madaktari wa meno wanakitumia kutuliza jino, kinatia ganzi na wakati huohuo kikiwa kingi kinaunguza. Baada ya nusu saa ganzi ikaachia, nikabaki na moto. Kesho yake ngozi imevimba imekuwa ya zambarau, wiki mbili inabanduka, na makovu meusi yalikaa miezi.

Hesabu yake nimekuja kuifanya baadaye. Mililita moja ni kama matone 20. Matone 30 ni mililita moja na nusu, kwenye kikopo cha 50 hiyo ni asilimia 3. Kiwango ambacho wataalamu wa haya mafuta wanakitaja kama mwisho kwa karafuu kwenye ngozi ni asilimia 0.5. Yaani nilizidisha mara sita, tena kwenye ngozi ambayo tayari imepasuka, ambayo inaruhusu kila kitu kupita.

Na hili la kupasuka ndo kiini cha mambo yote, tulikae kidogo. Ngozi ya juu kabisa ni kama ukuta wa tofali. Tofali ni seli zilizokufa zimepangwa, na katikati ya tofali kuna mafuta ya mwili wenyewe ndo yanashika kama udongo au saruji. Maji ya mwili yako ndani, ukuta unayazuia yasipae, na huohuo ukuta unazuia vya nje visiingie. Sasa wewe kila siku unaoga maji ya moto mara mbili, unajisugua na sabuni ya mche ambayo uchachu wake uko mbali kabisa na wa ngozi (ngozi inapenda kwenye pH 5 hivi, sabuni za kipande nyingi ziko 9 mpaka 10), unatoka nje upepo mkavu unakupiga, basi ile saruji inachomoka kidogokidogo. Ukuta unabaki na nyufa. Maji yanatoka, ngozi inakauka, inakaza, vineva vinachokozeka, inawasha, unajikuna, ukijikuna unaongeza nyufa, inawasha zaidi. Kuna wengine wamezaliwa saruji yao ni haba tangu mwanzo, hao ndo wenye pumu ya ngozi, na kwa rangi zetu pumu ya ngozi mara nyingi haionekani nyekundu kama kwenye picha za mtandaoni, inaonekana kijivu, au zambarau, au nyeusi kuliko pembeni, ndo maana watu wanakaa nayo miaka wakidhani ni uchafu.

Kwa hiyo kitu chochote unachopaka, cha dukani au cha jikoni kwako, kina kazi tatu tu za kuchagua. Kuvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, hapo kuna glisirini, asali, yurea. Kujaza nyufa na kulainisha, hapo ni mafuta ya maji kama alizeti na ya nazi, na shea bata. Na kufunika juu maji yasipae, hapo bingwa ni mafuta ya mgando, ambayo watu wa vya asili wanayatukana kila siku na hamna nta wala siagi iliyowahi kuyafikia kwenye kufunika. Pitia hizo kazi tatu tena uniambie lavenda iko wapi. Haipo. Harufu imepanda gari la mafuta ikafika nayo ngozini, alafu nafuu ikija inachukua sifa yeye.

Sisemi hazifanyi kitu kabisa. Mnanaa kwa mfano, ile mentholi yake inaamsha vihisio vya baridi kwenye ngozi, ngozi haijapoa kweli ila ubongo unaambiwa imepoa, na muwasho unapungua kwa muda, hiyo ni kweli kabisa na hata makampuni wanaitumia. Ila usimpake mtoto mdogo karibu na pua wala kifuani, inaweza ikambana pumzi, na mkaratusi vilevile. Lavenda ni ya upole ikiwa mpya. Ikiwa mpya, narudia, kwa sababu kile kinachonukia ndani yake kikikutana na hewa kinageuka taratibu na kilichogeuka ndo kinachowapa watu aleji, kwa hiyo kile kichupa ulichopewa zawadi miaka mitatu iliyopita kipo dirishani kinapigwa jua, hicho sio dawa tena, kitupe. Mafuta ya mti chai, ti trii, tabia ni hiyohiyo. Mchaichai ni mkali kuliko chai yake inavyokudanganya, ukizidi asilimia 0.7 unatafuta ugomvi. Mdalasini wa gome mi hata nyumbani siuweki. Na ndimu jamani, ndimu. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu, na hata maji ya ndimu yenyewe, ukijipaka ukatoka juani, jua linawasha kemikali fulani iliyopo mle na unaungua kweli, malengelenge, alafu panabaki mabaka meusi ya miezi. Kuna watu wanaweka ndimu kwenye krimu ili "kung'arisha". Wanapata kinyume chake.

Alafu kuna vitu vinachanganywa humo kwa sababu tu navyo vinatoka kwenye mmea. Mwarobaini sio esensho oili, ni mafuta mazito ya mbegu. Alovera ni utomvu wenye maji. Kila kimoja kina kanuni zake, na hiyo ya alovera kuwa na maji inatuleta kwenye fundo ambalo limeharibu vikopo vingi kuliko jingine lolote.

Mimi cha kwanza kutengeneza maishani mwangu kilikuwa na mafuta ya nazi, alovera nimekata nje ya nyumba nikaichokonoa kwa kijiko, maji ya waridi vijiko viwili, na lavenda. Nikasaga kwenye blenda kikatoka cheupe kama mtindi, kizuri, nikapiga na picha. Siku ya tatu maji yamejitenga chini. Siku ya tisa nafungua kifuniko naona vidoti vyeusi pembeni na harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Na hapo ni nilichokiona, maana bakteria hawajitangazi, wanaweza wakawa wamejaa na krimu bado inapendeza macho, wewe unaipaka kwenye ngozi iliyokunwa ikapasuka.

Ukweli ni huu: penye maji pana uhai. Mafuta matupu wadudu hawawezi kuota ndani yake, maji ndo yanawapa nafasi. Krimu kwa maana halisi ni maji na mafuta yameshikana, na havishikani kwa kupigwa blenda, vinataka emalsifaya, kitu chenye mkono mmoja unaoshika maji na mwingine unaoshika mafuta. Nta ya nyuki peke yake haifanyi hiyo kazi vizuri. Galen, yule daktari wa enzi za Warumi karne ya pili, ndo anasifiwa kwa krimu ya kale ya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, na hiyo ilikuwa inaleta ubaridi ukiipaka kwa sababu haikushikana vizuri, maji yalikuwa yanatoka yanapaa. Na ukishaweka maji unataka kihifadhi cha kweli, kama fenoksietano ambayo kwa Ulaya mwisho ni asilimia 1. Vitamini E sio kihifadhi, inachelewesha mafuta kuchacha basi, bakteria haiwahusu. Na esensho oili sio kihifadhi, hata kama umeona zimeua vijidudu kwenye maabara, kwa dozi ya kuulinda mkebe mzima utakuwa umeshaiunguza ngozi zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa nyumbani, asiye na mzani wa maabara wala vipimo vya pH, achana na krimu, tengeneza bamu. Mafuta na nta, bila hata tone la maji. Watu wataendelea kuiita krimu na hamna shida, ila wewe ujue. Maji utayapata kwingine: bafuni. Oga maji ya uvuguvugu, dakika chache, sabuni weka kwenye makwapa na sehemu zinazohitaji sio mwili mzima, jifute kwa kugandamiza taulo bila kusugua, alafu ndani ya dakika tatu hivi ngozi ikiwa bado na unyevu paka. Yale maji yaliyobaki ndo unayafungia. Ukipaka mafuta kwenye ngozi iliyokwisha kukauka umefungia ukavu.

Haya, mafuta gani. Hapa watu wengi watanuna, ila yale ya bei rahisi ndo mazuri. Alizeti, hayahaya ya Singida ya kukaangia, ya kawaida huwa na asidi ya linoleiki kwa wingi na hiyo ngozi inaitumia kujengea ile saruji. Kule Dhaka, Bangladeshi, watoto njiti walipakwa mafuta ya alizeti hospitalini na matokeo yalichapishwa 2005, maambukizi ya mwilini yalipungua kwa waliopakwa, ngozi ilikuwa inawalinda vizuri zaidi. Zeituni sasa, ambayo tunainunua kwa bei ya kuumiza na kuiheshimu kama ya kidini, ina asidi ya oleiki nyingi, na utafiti wa Uingereza wa 2013 ulionyesha ikipakwa ngozini wiki kadhaa inadhoofisha ukuta, wakati alizeti haikufanya hivo. Kula, usijipake. Nazi iko katikati na upande mzuri, Ufilipino 2008 waliilinganisha na zeituni kwa watu wazima wenye pumu ya ngozi na nazi ilipunguza wale bakteria wanaopenda kukaa kwenye ngozi ya hao watu. Shea bata nayo ni nzuri, ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka mkononi. Alizeti ya kusindikwa mtaani ambayo haijachujwa ukiikuta na mashapo iache itulie, uchukue ya juu, na kama inanuka ile harufu ya chipsi za jana usiipake mtu.

Kipimo changu cha gramu 100 kiko hivi. Alizeti gramu 40, nazi 20, shea 25, nta ya nyuki 15. Mzani mdogo wa jikoni unatosha, vijiko vitakudanganya kwenye nta. Nta nzuri inatoka Tabora na Katavi kwa wenye mizinga, ukiipata ya njano yenye kaharufu ka asali na vipande vya miguu ya nyuki usiogope, yeyusha uchuje kwa kitambaa. Weka nta kwenye bakuli la bati au sufuria ndogo, hiyo uikalishe ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka kidogokidogo, usiweke moja kwa moja kwenye jiko, nta ikizidi moto inashika moto kama mshumaa na huo moto hauzimwi kwa maji. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, usiondoke hapo. Ikishayeyuka tia alizeti na nazi, vitaganda kidogo kwa mshtuko, subiri vilainike tena. Toa motoni ndo utie shea, ikae na joto lililobaki, koroga. Alafu ipooze haraka, mi nakalisha lile bakuli kwenye maji ya baridi huku nakoroga, kwa sababu shea ikipoa polepole inatengeneza vichembe kama semolina, haina madhara ila ukipaka unahisi unajisugua na mchanga. Ikianza kuwa nzito kama uji wa mtoto, vikombe vikavu kabisa, mimina. Vikavu kabisa nimesema kwa sababu tone la maji kwenye kikombe ni lile fundo la alovera limerudi.

Kitu kimoja hakuna anayekwambia: mahali unapokaa panabadilisha kipimo. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Dar ni maji karibu mwaka mzima, Njombe mwezi wa saba ni jiwe. Nilimtumia mama mdogo kikopo Makambako, nilikuwa nimekitengeneza kwa kipimo cha joto la Dar, nta gramu 20 ili kisiyeyuke kwenye begi, akanipigia, "mwanangu umenitumia mshumaa?" Alikuwa anachimba kwa kisu. Huko baridi nta 10 inatosha na nazi unapunguza unaongeza alizeti. Kama unakaa Tanga au Mombasa, panda mpaka 18 au 20.

Sasa harufu. Nimeiacha mwisho makusudi. Kama ngozi inawasha sasa hivi, imepasuka, imekunwa, usiweke kabisa. Pakaza bamu isiyo na harufu wiki mbili tatu kwanza. Ngozi ikitulia na bado unataka kunukia, weka asilimia nusu mpaka moja, yaani kwenye gramu 100 matone 10 mpaka 20 jumla (karafuu na mchaichai zisipite vile viwango nilivyotaja juu), sio kumi ya lavenda na kumi ya mti chai na kumi ya mkaratusi. Utie bamu ikiwa vuguvugu, kidole kinavumilia, ukitia ikiwa ya moto unanukisha jiko. Mtoto chini ya miaka miwili hapana hata tone moja, mjamzito amuulize anayemhudumia kliniki. Kabla ya kuipaka mwilini ipake sehemu ndogo ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa wiki, maana aleji ya ngozi haiji papohapo, inaweza kuchukua siku mbili tatu kujitokeza, na ngozi ikishajifunza kukikataa kitu, mara nyingi inakikataa maisha yote, hata kwenye sabuni na pafyumu utakazokuja kununua. Vichupa vyenyewe viwe vya glasi nyeusi na vimeandikwa jina la kisayansi la mmea, vya plastiki laini viache, haya mafuta yanaweza kuila plastiki. Na viweke juu mtoto asifikie, mkaratusi au kafuri ikinywewa hata kidogo inaweza kumletea mtoto degedege.

Na kuna muwasho ambao hata ukipaka ndoo nzima hautaki bamu yako. Kama unawasha zaidi usiku, uko katikati ya vidole, kiunoni, na nyumba nzima inajikuna, huo ni upele, kuna kidudu kimechimba, mnatibiwa wote siku moja na nguo zinafuliwa. Kama una duara lenye ukingo uliovimba na katikati pamepona, hiyo ni fangasi, na fangasi haiondoki kwa bamu. Kama mwili mzima unawasha na ngozi haina kitu chochote, haijapauka haina vipele, nenda ukapime, sukari, figo na ini vinaweza kuwasha kutokea ndani. Usaha, joto, mistari inayopanda, hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jingine ni hizi "krimu za asili" zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo, anayekuuzia anaapa ni shea na mitishamba. Kipimo changu ni kasi. Bamu ya kweli inakuchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili kuona tofauti. Ikiwa muwasho wa miaka umekata ndani ya siku mbili na ngozi imeanza kung'aa, uwezekano ni mkubwa mle ndani kuna steroidi kali, zilezile za kwenye mkorogo, na ukiacha inarudi kwa hasira, ngozi imeshakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa. Steroidi zenyewe sio shetani, daktari akikuandikia yenye nguvu inayostahili kwa siku zinazostahili inasaidia sana pumu ya ngozi, na bamu inaendelea pembeni. Shida ni kupakwa bila kujua. Na wewe ukiona bamu yako imependwa ukataka kuanza kuuza, hapo unaingia kwa TBS, shirika la viwango Tanzania, vipodozi vinasajiliwa, ni stori nyingine kabisa.

Mama mdogo nilimtengenezea upya, nta kidogo, bila harufu. Alilalamika wiki nzima. Mafuta gani hayanuki, watu watajuaje nimejipaka. Nikamwambia apake tu usiku kwenye magaga, avae soksi, alale. Kimya. Baada ya kama siku kumi na mbili ikaja voisi, nasikia kuku nyuma, anasema visigino havishiki tena kwenye blanketi, ila jumapili ana harusi na anataka kunukia kama watu wengine. Nikamtumia kichupa kidogo cha lavenda na maelekezo: matone mawili kwenye leso, leso kwenye mkoba, ngozini hapana.